Kabla ya Kuandika Malaria: Estrojeni, Ubongo na Baridi ya Usiku Binza

Kipupwe kinapoingia katika nyanda za Simiyu, kati ya Juni na Agosti, usiku wa Binza hubadilika tabia. Mchana jua huendelea kuwaka juu ya mashamba ya pamba, lakini jioni anga hubaki tupu bila wingu, ardhi hupoteza joto lake upesi, na kukaribia alfajiri kipimajoto huweza kushuka kuelekea nyuzi 15 za Selsiasi. Mtu wa Makete ataicheka baridi hiyo. Nyumba za huku, hata hivyo, zimejengwa kwa kuogopa joto wala si baridi, blanketi ni jembamba, na anayelala sakafuni juu ya mkeka huihisi ardhi mgongoni.

Katika majira hayo hufika zahanati mama mwenye umri wa miaka 48 hivi. Anaeleza kwamba usiku homa humpanda ghafla kifuani na usoni, hutokwa jasho hadi kanga ikalowa, kisha baridi humshika na kumtetemesha hadi meno kugongana. Asubuhi anaamka mzima, amechoka tu. Hii si mara yake ya kwanza kufika. Kurasa za nyuma za daftari lake zinaonyesha malaria, kisha malaria tena, kisha UTI, na dawa za kila safari amezimeza zote kwa utiifu. Mama huyu hatajwi jina kwa sababu ni wengi, na muuguzi yeyote aliyefanya kazi Maswa, Bariadi au Itilima kwa miaka michache anaweza kumtambua.

Hoja inayotetewa hapa ni nyepesi kuitamka na ngumu kuitenda: kabla kalamu haijaandika neno malaria kwa mwanamke wa umri huo, mambo mawili yatangulie. La kwanza ni kipimajoto kwapani. La pili ni swali la hedhi yake ya mwisho. Sababu yake inakaa ndani ya ubongo, na inastahili kuelezwa kwa Kiswahili cha kueleweka, kwa kuwa mtoa huduma asiyeielewa sababu huliacha swali siku foleni inapokuwa ndefu.

Chini ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya fahamu ya macho inapokutana, pana sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Sehemu yake ya mbele ndiyo mlinzi wa joto la mwili. Ngozi ina vihisio vya baridi na vya joto. Ni ugunduzi wa vihisio vya namna hiyo, pamoja na vile vya mguso, uliowapatia David Julius na Ardem Patapoutian Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2021. Habari kutoka kwenye ngozi hupanda kupitia uti wa mgongo hadi kwa mlinzi huyo, naye huilinganisha na joto la damu inayompitia. Akiona mwili unapoa, hufunga mishipa midogo ya damu ya mikono na miguu ili joto lisitoroke, huamsha mafuta ya kahawia yanayochomwa kutoa joto, na mwisho huamuru misuli itetemeke. Akiona mwili unazidi joto, hufungua mishipa hiyo hiyo na kufungulia jasho.

Kwa muda mrefu vitabu vya tiba vilimchora mlinzi huyu kana kwamba ni mmoja kwa wanaume na wanawake. Sivyo alivyo. Seli nyingi za haipothalamasi zina vipokezi vya estrojeni, homoni inayotengenezwa hasa na ovari. Kila mwezi mwanamke mwenye kupata hedhi hupitia badiliko la joto ambalo mwanamume halijui: kabla ya yai kupevuka, estrojeni ikiwa juu, joto la mwili huwa chini kidogo, baada ya yai kutoka, projesteroni hulipandisha kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5 hivi. Wanawake wanaohesabu siku kwa kipimajoto cha asubuhi wanalitumia jambo hili bila kulazimika kujua lolote kuhusu ubongo.

Majaribio ya wanyama yamelifikisha jambo hili mbali zaidi. Mwaka 2010 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kwa panya majike waliotolewa ovari, estrojeni iliyowekwa katika sehemu ya mbele ya haipothalamasi peke yake ilitosha kubadilisha namna mwili unavyoikabili baridi. Mkia wa panya ni kama viganja vya binadamu, ni dirisha la kupotezea joto, na dirisha hilo linaitii estrojeni iliyo ubongoni. Mwaka 2014 kundi jingine la watafiti likachapisha kwamba estrojeni ikifika katika kiini kingine cha haipothalamasi huamsha mafuta ya kahawia yatoe joto, kupitia mishipa ya fahamu, bila homoni hiyo kuyagusa mafuta yenyewe. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakaonyesha kwamba seli zile za mbele zenye vipokezi vya estrojeni zikichochewa, panya huingia katika hali ya kuzimika nusu: joto hushuka, mwendo hupungua, na nguvu huhifadhiwa kama mnyama aliyekosa chakula.

Hapa tahadhari inahitajika, maana ni rahisi kuruka kutoka kwa panya hadi kwa mama mzazi. Panya ni mdogo, hupoteza joto upesi, na hutegemea mafuta ya kahawia kuliko mtu mzima anavyoyategemea. Binadamu hazimiki nusu akikosa mlo wa jioni. Kinachoweza kubebwa kutoka maabara hadi Binza ni jambo moja tu, nalo ni zito: estrojeni si homoni ya kizazi peke yake. Ni mshauri wa yule mlinzi wa joto, na mshauri akiondoka mlinzi hubaki kazini akiwa na wasiwasi.

Wasiwasi huo umepimwa kwa wanawake wenyewe. Robert Freedman wa Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit, aliwapima wanawake waliokoma hedhi. Kila mtu ana nafasi ndogo ambamo joto la ndani linaweza kupanda au kushuka bila mwili kutoa jasho wala kutetemeka. Kwa wanawake wasiosumbuliwa na mafuriko ya joto, Freedman aliikuta nafasi hiyo ikiwa takriban nyuzi 0.4. Kwa waliosumbuliwa, ilikuwa karibu na sifuri. Kwao kikomo cha kutoa jasho na kikomo cha kutetemeka vimekaribiana hata havina pumziko kati yake. Kikombe cha uji wa moto au ugomvi mdogo na mkwe hutosha kufungulia jasho. Jasho likishamwagika, mwili umepoa kupita kiasi na mtetemeko unaanza. Naye Naomi Rance wa Chuo Kikuu cha Arizona alionyesha seli za haipothalamasi ambazo estrojeni huzituliza, na ambazo hukua na kupiga kelele estrojeni inapopungua. Ugunduzi huo ndio uliozaa dawa iitwayo fezolinetant, isiyo homoni, iliyoidhinishwa Marekani Mei 2023. Dawa hiyo ni ghali na ini la mgonjwa linapaswa kufuatiliwa, hivyo zahanati ya kijijini isikae kuingojea.

Sasa arejewe mama wa Binza na mtetemeko wake. Katika malaria au maambukizi mengine, mlinzi wa joto amepandisha kiwango anachokitaka; mwili wa nyuzi 37 unaonekana kwake kuwa baridi, hivyo anautetemesha hadi ufike 39, na jasho huja mwishoni homa inapovunjika. Katika ukomo wa hedhi mambo huenda kinyume: jasho na joto la ngozi hutangulia, joto la ndani hushuka, na mtetemeko ndio unaokuja mwishoni. Kwa mgonjwa aliye kitandani gizani, mambo hayo mawili yana jina moja: homa. Kwa kipimajoto yako mbali kabisa, kwa sababu mafuriko ya joto ya ukomo wa hedhi hayampandishi mtu hadi nyuzi 38. Mpangilio wa hadithi nao hutoa ushahidi. Muuguzi akiuliza, "Mama, kipi huanza, baridi au jasho?", amekwisha kupata nusu ya jibu bila kutumia kitendanishi hata kimoja.

Na usiku wa kipupwe huzidisha shida. Mwanamke aliyelowa jasho katika chumba cha nyuzi 17 hupoteza joto kwa kasi kubwa kuliko aliye mkavu, na kanga iliyolowa humfyonza joto badala ya kumfunika. Ndiyo maana wengine husema ugonjwa wao ni wa Juni, wakati mafuriko yenyewe yalikuwapo tangu Januari; kilichobadilika ni baridi iliyofuata jasho.

Kuna watakaosema, na wana haki ya kusema, kwamba malaria inaua na ukomo wa hedhi hauui. Kanda ya Ziwa si mahali pa kupuuza homa. Lakini hakuna anayeomba kipimo cha malaria kiachwe. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limesisitiza kwamba malaria ipimwe kabla ya kutibiwa, na kipimo cha haraka ni jambo la kawaida katika zahanati zetu. Shida huanza pale kipimo kinaposema hapana na mkono ukaandika dawa mseto hata hivyo, kwa sababu mgonjwa amesafiri kwa baiskeli tangu alfajiri na kumrudisha mikono mitupu kunaonekana kuwa ukatili. Hiyo huruma ina gharama. Dawa hupungua kwa mtoto atakayeletwa jioni akiwa na malaria ya kweli, na mama hurudi nyumbani akiamini kwamba ana malaria sugu, jina ambalo litamfuata miaka yote ya ukomo wake wa hedhi.

Kosa la upande wa pili lingekuwa baya zaidi: kila mwanamke aliyepita miaka 45 aambiwe ni umri wake. Jasho la usiku ni dalili ya kifua kikuu. Kikohozi cha wiki mbili, kupungua uzito na homa iliyopimwa ni mambo ya kuulizwa papo hapo, na hali ya VVU ijulikane. Anayehisi baridi mchana kutwa bila mafuriko ya joto, akanenepa, akafunga choo na sauti ikawa nzito, huenda tezi ya shingoni imelegea. Aliyepauka viganja na kope huenda ana upungufu wa damu, na jambo hilo si dogo: utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wakiwa na upungufu wa damu. Mwili uliopungukiwa madini ya chuma hushindwa kujitengenezea joto wakati wa baridi, iwe estrojeni ipo au haipo. Mwanamke aliyekaribia ukomo wa hedhi na anayetokwa damu nyingi zisizo na mpangilio anaweza kuwa na mambo hayo mawili kwa pamoja. Akipewa maelezo ya ubongo peke yake, amedhulumiwa.

Wapo pia wanawake vijana wanaopitia hali inayofanana. Mama anayenyonyesha ana estrojeni ya chini, kwa kuwa homoni ya kutengeneza maziwa huzipumzisha ovari. Majuma ya mwanzo baada ya kujifungua wengi hutokwa jasho usiku na kutetemeka. Hapa kipimajoto kina thamani ya uhai, kwa sababu nyuzi 38 kwa mama aliyejifungua juzi zinaweza kuwa homa ya uzazi, na saa za kusubiri hazipo. Chini ya hapo, mama akiwa mzima kwa vipimo vingine, anahitaji nguo kavu, maji ya kunywa na maelezo.

Kundi linalostahili kusemewa kwa sauti kubwa kuliko yote, hata hivyo, ni wale waliotibiwa saratani. Saratani ya mlango wa kizazi inaongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania, na mwanamke wa Simiyu anayehitaji mionzi hupelekwa Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Mionzi ya nyonga haichagui. Inaua saratani na inazima ovari, na mwanamke wa miaka 36 hukoma hedhi ndani ya majuma, si kwa miaka kama maumbile yalivyokusudia. Vivyo hivyo aliyeondolewa ovari zote mbili kwa upasuaji. Ukomo wa ghafla huja na mafuriko makali kuliko ule wa polepole. Mwanamke huyu anarudi kijijini akiwa ameshukuru Mungu kwa kupona, na usiku wa tatu anaamka akitokwa jasho na kutetemeka. Kwake maana ni moja tu: saratani imerudi. Wapo wanaouza ng'ombe ili warudi Mwanza, na wapo wasiorudi popote kwa sababu wamekwisha kukata tamaa. Maneno matano aliyopaswa kuambiwa kabla ya kuruhusiwa yangemwokoa na yote hayo.

Kwa wanaomeza tamoksifeni baada ya saratani ya matiti, sababu iko karibu zaidi na ubongo. Dawa hiyo huziba vipokezi vya estrojeni kwenye titi, lakini hufika pia haipothalamasi. Watafiti wale wale wa Los Angeles walichapisha mwaka 2021 kwamba kwa panya, bila kipokezi cha estrojeni cha ubongoni, tamoksifeni haibadilishi joto la mwili kama ilivyozoeleka. Mgonjwa akiambiwa hivyo kwa lugha yake, kwamba kuhangaika kwake usiku ni dawa ikiugusa ubongo na wala si sumu wala si kurogwa, uwezekano wa kuendelea kuimeza kwa miaka mitano huongezeka. Akiachwa bila maelezo, ataiweka chini ya godoro.

Neno la kurogwa halikutajwa kwa bahati mbaya. Usukuma umekwisha kuzika vikongwe wengi waliouawa kwa tuhuma za uchawi, baadhi kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni na samadi. Haidaiwi hapa kwamba mafuriko ya joto yamewahi kumponza yeyote. Lakini mwanamke anayeamka saa nane za usiku, akatupa shuka, akatoka nje kupunga upepo kisha akarudi akitetemeka, anaishi na watu wanaomwona. Afadhali wanawe na mumewe wawe wamesikia maelezo ya muuguzi kabla hawajayasikia ya jirani.

Kuhusu matibabu, mambo ya nyumbani yana nguvu kuliko yanavyoheshimiwa. Nguo nyepesi za pamba, moja juu ya nyingine, zinazovuliwa na kuvaliwa upesi, na kanga kavu kando ya kitanda. Mkoa unaolima pamba nyingi kuliko mingine nchini usikose hata hilo. Kitambaa cha plastiki kinachong'aa hufungia jasho ndani. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani usiku hata baridi iumeje: hewa yake haina harufu, na aliyelala hatapata nafasi ya kujuta. Homoni mbadala ndiyo tiba yenye nguvu kuliko zote kwa mafuriko ya joto, na hapa ni kazi ya daktari kupima. Mwenye mfuko wa uzazi hapewi estrojeni peke yake bila projesteroni. Aliyeugua saratani ya matiti, aliyewahi kuganda damu miguuni au anayetokwa damu isiyojulikana chanzo huepushwa nayo. Aliyetibiwa saratani ya mlango wa kizazi ya aina iliyo ya kawaida hana sababu ya kunyimwa kwa jina la saratani tu, kwa kuwa aina hiyo haitegemei estrojeni. Ni ajabu kwamba wengi wao hawajawahi kusikia kuwa lipo la kuuliza. Na mwanamke yeyote anayeona damu mwaka mmoja au zaidi baada ya hedhi kukoma aende kuchunguzwa, hata kama ni tone.

Linabaki suala la namna ya kuuliza. Mganga kijana wa kiume, mgeni wa mkoa, akimuuliza mama wa umri wa mama yake habari za hedhi mbele ya foleni, atajibiwa kwa kimya. Zahanati zenye muuguzi mkunga zina njia nyepesi: salamu ya "mwangaluka, mayu", mlango ufungwe, na swali liulizwe baada ya kipimajoto kuwekwa kwapani, maana dakika zile za kusubiri kisome ni za mazungumzo hata hivyo. Jibu liandikwe kwenye daftari la mgonjwa, juu, pembeni ya umri, ili atakayempokea safari ijayo asianze tena na malaria. Na kadi anayopewa mwanamke akitoka kwenye mionzi, ambayo tayari ina tarehe ya kurudi na majina ya dawa, ipate mstari mmoja wa Kiswahili: hedhi yako imekoma kwa sababu ya tiba, utapata joto la ghafla, jasho na baridi usiku, ukipimwa na kukutwa na nyuzi 38 au zaidi, njoo siku hiyo hiyo.